"SIKU YA FAMILIA" GANI STAA ANAPANDA SAA 8 USIKU? MAPROMOTA, WAACHENI WATOTO WALALE!

Kipupwe kimeingia, shule zimefungwa, na mabango yamejaa mjini. Ukishika simu asubuhi unakutana na la kwanza kabla hata hujapiga mswaki: baba, mama na watoto wawili wamekaa kwenye mkeka, maputo juu, juisi mkononi, na nyuma yao staa wa Bongo Fleva anatabasamu. Chini yake maandishi makubwa: siku ya familia, njoo na watoto, mageti wazi kuanzia saa 4 asubuhi.

Watu wanatagi wenzao. Wazazi vijana, wale wa miaka 24 mpaka 30 na kitu, ambao toka wapate mtoto hawajakanyaga shoo yoyote, wanaona hatimaye wamekumbukwa. Mtu anaweka akiba, ananunua tiketi mapema, anamshonea mtoto kagauni kapya.

Halafu wanafika.

Chukua tamasha moja la wikiendi hapa Dar, la promota ambaye hakuna haja ya kumtaja, maana mjini anajulikana na anayesoma hapa ameshamjua. Mageti ya saa 4 asubuhi yalifunguliwa saa 8 mchana. Ndani, mafundi walikuwa bado wanagonga misumari jukwaani. Mpaka saa 11 jioni kilichosikika ni "cheki, cheki, moja mbili" na DJ mmoja aliyerudia nyimbo zile zile sita. Wasanii chipukizi walianza kupanda giza likiwa limeshaingia. Saa 3 usiku watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka, wengine mapajani, wengine juu ya viti viwili vya plastiki vilivyounganishwa. Na yule staa wa kwenye bango? Saa 8 na nusu usiku. Akaimba nusu saa kwa CD, akarusha kofia, akaondoka.

Kesho yake asubuhi ukurasa wa tamasha ukaposti picha kumi. Zote za mchana, zote za watoto. Na maneno ya kushukuru familia za Dar kwa siku nzuri.

Huo ni uongo wa mchana kweupe, na wakati umefika uitwe kwa jina lake.

NENO "FAMILIA" LIMEGEUKA PAMBO

Kwanza ieleweke: hakuna anayesema shoo ya usiku ni dhambi. Dar inapenda usiku, na mtu mzima akitaka kukesha akiruka mpaka asubuhi, hiyo ni starehe yake na pesa yake. Ishu ni kuchukua shoo ya usiku, ukaivalisha nguo ya watoto, ukaiuza kwa wazazi.

Kwanini wanafanya hivyo? Kwa sababu neno "familia" lina mkwanja. Kampuni ya sabuni, ya juisi, ya maziwa ya pakti, ya nepi, haitaki kuonekana kwenye bango lenye chupa za bia na warembo waliovaa nusu. Inataka mama na mtoto. Promota akiandika "familia" anafungua mlango wa mdhamini ambao jana ulikuwa umefungwa. Na hata kwa wanaotoa vibali, tamasha la familia linasikika la heshima kuliko "usiku wa kufa mtu".

Kwa hiyo familia inaingia kwenye bango, inaingia kwenye barua ya kuomba udhamini, inaingia kwenye picha za kesho yake. Mahali pekee ambapo haimo ni kwenye ratiba.

Hapo ndo ulipo utapeli wenyewe. Jumba la upepo la watoto kurukia limeletwa, sawa. Mtu wa kupaka rangi usoni yupo, mtoto anatoka na sura ya simba kwa shilingi 5,000. Vyote hivyo vimewekwa kule pembeni karibu na jenereta. Lakini kitu ambacho watu walilipia kukiona, muziki, kimepangwa kwa ajili ya mtu asiye na mtoto, asiye na kazi kesho, na mwenye usafiri wake.

HESABU YA GETI, MTOTO ANAKESHA

Ukiuliza kwanini staa anachelewa, lawama zinapigwa danadana. Watu wa staa wanasema promota hajamalizia hela. Watu wa promota wanasema staa ana mapozi, alikuwa bado anabadilisha viatu hotelini.

Ukweli ni kwamba mara nyingi wote wawili wako kwenye mchezo mmoja. Staa anapewa kianzio kabla ya siku. Kilichobaki anatakiwa alipwe kabla hajapanda jukwaani, na kama hajalipwa hapandi. Promota hana hiyo hela mfukoni, anaisubiri getini. Na geti linajaa usiku, wale wa kula bata wakishatoka kwingine. Basi inabidi tamasha livutwe, livutwe, mpaka hela ya geti itimie. DJ anaambiwa ongeza nusu saa. Mshereheshaji anaambiwa wachangamshe watu, gawa fulana.

Yaani kwa lugha nyepesi: mtoto wa miaka minne aliyeletwa na wazazi wake saa 5 asubuhi anakesha kwenye nyasi akisubiri hesabu ya geti ifungwe. Wazazi waliolipa mapema, kwa uaminifu wao, ndio wanaoadhibiwa kusubiri wale watakaolipa wa mwisho.

Na hapo bado hujafika suala la kurudi nyumbani. Familia iliyotoka Mbagala au Gongo la Mboto ilikuja kwa daladala. Saa 8 usiku daladala hamna. Kuna Bajaji na gari za kuita kwa simu, na bei imepanda maana watu wote wanaita kwa wakati mmoja. Baba amembeba mmoja begani, mama amembeba mwingine mgongoni, mkeka umesahaulika. Hiyo ndiyo siku ya mapumziko waliyouziwa.

JUA LA LONDON HALIPO KINONDONI

Kuna kitu kingine ambacho mapromota wetu hawakukiangalia walipokuwa wanaiga. Yale matamasha ya kiangazi ya Ulaya wanayoyaona mtandaoni, watoto wamevaa vifaa vya kuziba masikio, familia zimekaa kwenye majani, mwanga bado upo na bendi kubwa inapiga, yana siri moja ndogo. Jua.

London mwezi wa sita jua linazama saa 3 na dakika kama 20 usiku. Msanii mkubwa akipanda jukwaani saa 2 usiku kule, bado ni mchana. Mtoto amelala alasiri, ameamka, amekula, anaona shoo kwa mwanga wa jua, na giza likiingia watu wanakunja mikeka.

Dar es Salaam ipo karibu na ikweta. Mwezi huo huo wa sita jua linazama saa 12 na robo jioni. Saa 1 usiku ni giza totoro, mbu wameingia kazini, na mtoto yeyote aliyekuwa anaruka toka asubuhi ameanza kulia bila sababu. Huwezi kunakili bango la London ukaacha kunakili saa. Tamasha la familia hapa lazima liwe la mchana, limalizike na jua. Hakuna njia nyingine.

Na uzuri ni kwamba kipupwe ndio muda wake. Kuanzia Juni mpaka Agosti joto limepungua, mvua za masika zimeisha, upepo wa kusi unavuma, na likizo ya katikati ya mwaka imo humo humo. Mtu wa Ulaya anasubiri mwaka mzima apate jua. Dar jua lipo miezi yote, na miezi hii linavumilika. Halafu promota anaiacha yote hiyo ipite kwenye kupima maiki, anaanza shoo gizani!

WATU WA MJINI HUU WALISHAJUA MCHANA

Kuna wanaosema muziki wa mchana ni mambo ya kizungu, kwamba Mswahili starehe yake usiku. Waulize wazee wa mjini kuhusu bugi. Miaka ya 1970 hapa Dar, bugi lilikuwa dansi la mchana, mara nyingi Jumapili. Vijana wa shule wanaingia baada ya chakula cha mchana, bendi inapiga, watu wanacheza wanalowa jasho, na jua likizama kila mtu yupo njiani kurudi kwao kabla baba hajaanza kuuliza. Bendi zilikuwa za kweli na magitaa ya kweli. Hakuna aliyeona ni ushamba.

Baadaye likaja disko toto. Kila aliyekulia kitaa analijua: Idi au Krismasi, mchana, nguo mpya, miwani ya plastiki, pesa ya sikukuu imebanwa kiganjani, unaingia ukumbini kucheza na watoto wenzako.

Na hapa lazima mambo yasemwe kwa uzito wake. Oktoba 2008, sikukuu ya Idd el-Fitr, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwenye ukumbi wa disko. Watoto walijazwa ndani kupita uwezo wa ukumbi, hewa ikakosekana, wakakanyagana. Walikuwa wamevaa nguo za sikukuu.

Toka hapo, ikifika sikukuu, polisi mikoa mbalimbali hutangaza: marufuku disko toto. Na ukiitazama Tabora unaelewa kwanini. Lakini tazama kilichotokea mwishoni. Kitu cha mchana kilichokuwa cha watoto peke yao kimepigwa marufuku, badala ya kuwekewa idadi, milango na wasimamizi. Halafu watoto wale wale wanaingizwa kwa bango la rangi rangi kwenye umati wa watu wazima, usiku, walevi wakiwa wameshapata moto, geti la kutokea likiwa moja, na hakuna anayetangaza marufuku yoyote. Kwa sababu imeandikwa "familia".

Siku umati ule utakaposukumana staa akipanda, mtoto aliyelala kwenye mkeka mita 20 kutoka jukwaani yuko wapi? Promota ana jibu? Mlinzi wa getini ana jibu? Tabora ilishafundisha, na gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa somo hilo kusahaulika.

SPIKA HAIJUI HUYU NI MTOTO

Suala la sauti nalo watu wanalichukulia kama utani. Eti mtoto wa mjini lazima azoee.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha sauti kwa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100. Hicho ndicho kikomo cha juu, na kimewekwa pamoja na masharti mengine, kama kupima sauti muda wote, kugawa vizibo vya masikio na kuwa na sehemu tulivu ya kupumzikia. Shirika hilo hilo linasema kwa desibeli 100 sikio la mtu mzima linakaa salama dakika kama 20 tu kwa wiki nzima. Kwa mtoto wanashauri tahadhari kubwa zaidi.

Sasa linganisha na hali halisi. Hakuna anayepima. Kila fundi mitambo anataka besi isikike mpaka mtaa wa pili, ndo sifa. Familia zinaambiwa zikae "mbele kwa usalama", na mbele ndipo spika zilipopangwa ukuta kwa ukuta. Mtoto anakaa pale saa sita, saa nane. Kesho yake anamwambia mama masikio yanalia, mama anampa panadol.

Kusogeza sehemu ya familia pembeni, mbali na spika, kivulini, hakugharimu hata shilingi moja. Kunahitaji mtu mmoja tu kwenye kikao cha maandalizi aliyewahi kubembeleza mtoto.

MREMBO ALIYEONDOKA SAA 12

Sasa twende kwa yule dada. Anajulikana, ana wafuasi wengi, ana mtoto mzuri ambaye picha zake zinapendwa kuliko za mama mtu. Wiki mbili nzima kabla ya tamasha aliposti: yeye na mwanae watakuwepo, mama wote waje, itakuwa siku ya kukumbukwa. Posti za namna hiyo haziwekwi bure, kila mtu mjini anajua.

Na kweli alikuja. Saa 10 jioni, gari lenye kiyoyozi mpaka ndani, hema la VIP, feni, choo cha peke yao, maji ya baridi. Akapiga picha kwenye maputo. Akapiga na staa mmoja wa filamu. Mtoto akapewa zawadi. Saa 12 jioni, huyo, kaondoka.

Wapo waliomsema mtandaoni kuwa ana maringo. Wanakosea. Kuondoka saa 12 ndicho kitu pekee cha maana alichofanya siku ile. Mtoto mdogo alitakiwa kuoga, kula na kulala, na mama yake alilijua hilo vizuri sana.

Na hapo ndipo pabaya. Alilijua. Alijua kuwa tamasha lile, kwa mtoto, linaisha saa 12 hata kama muziki haujaanza. Lakini hakuwaandikia wale kina mama wengine, waliokuja kwa sababu yake, kwamba jamani wahini kuondoka. Aliposti usiku akiwa kitandani kwake kwamba siku ilikuwa tamu. Wakati anabonyeza kutuma, mama aliyetoka Tandika kwa kumfuata yeye alikuwa kwenye foleni ya choo kimoja cha plastiki, na mtoto anayeshindwa kujizuia.

Mastaa wa mtandaoni wanaopenda kujiita mama wa mfano, swali dogo: ukilipwa kuwaita kina mama wenzio mahali, huulizi hata ratiba?

"KWANI NANI ALIKWAMBIA ULETE MTOTO?"

Ukigusa ishu hii, kuna kundi linakuja mbio. Wanasema mzazi ndiye mwenye makosa. Mtoto wa nini kwenye shoo? Mwache nyumbani, au kaa naye nyumbani.

Kwanza, aliyesema alete mtoto ni promota, kwa herufi kubwa, kwenye bango. Ukimwalika mtu kwa chakula halafu ukamcheka kwa kuja na njaa, mwenye tabia mbaya ni wewe.

Pili, wanaposema "kaa naye nyumbani", jiulize anaambiwa nani. Sio baba. Baba ataonekana shoo na masela zake na hakuna atakayemuuliza mtoto yuko wapi. Anayebaki ni mama, miaka 25, ambaye mwaka juzi alikuwa anaimba nyimbo zote mstari kwa mstari, na sasa dunia imemwambia starehe yake imeisha siku alipojifungua. Tamasha la kweli la familia ni moja ya sehemu chache ambapo huyu dada anarudi mjini akiwa mzima, yeye na mwanae, bila kuomba msamaha kwa mtu. Ukilivuruga hilo umemrudisha ndani.

Wengine wanasema mbona kijijini watoto walilala ngomani na hawakufa. Ni kweli walilala. Lakini kila mtu mzima pale aliwajua kwa majina ya baba zao, nyumbani kulikuwa hatua chache, na ngoma haikuwa na besi ya kutikisa kifua. Umati wa watu elfu kadhaa wasiojuana kwenye kiwanja cha Kinondoni sio ngoma ya kijijini. Shangazi yako hayupo pale.

Hoja yenye uzito kidogo ni ya biashara: hela ipo usiku, kwenye vinywaji, mchana haulipi. Sawa, lakini tazama majirani. Nairobi, tangu 2008, Blankets & Wine ilijijengea jina kwa kitu hicho hicho kinachodharauliwa hapa: Jumapili mchana, shuka kwenye nyasi, chakula, muziki wa jukwaani. Ilikuwa biashara, na watu walilipa. Zanzibar, Sauti za Busara imekuwa ikifanyika tangu 2004, muziki wote ukipigwa moja kwa moja bila CD, na kabla hujaenda unajua nani anapanda saa ngapi. Nao pia wanakwenda hadi usiku, lakini mwenye mtoto anaamua mwenyewe aje kumwona nani na aondoke saa ngapi. Ratiba sio teknolojia ya kutoka mwezini.

Na kwa hesabu za kawaida tu: mlevi anakuja saa 6 usiku ameshashiba. Familia inayokuja saa 5 asubuhi inakula mara mbili, inanunua soda, aiskrimu, mishikaki, puto lililopasuka na la kufidia lililopasuka. Hiyo hela ipo, tatizo promota hajawahi kuamka mapema kuiona.

SIKU YENYEWE INAVYOTAKIWA KUWA

Hakuna anayedai maajabu. Siku nzuri ya familia ni kitu rahisi sana.

Mkeka chini ya mwembe, au hema kubwa kama miti hamna. Saa 5 asubuhi bendi inaanza taratibu, kitu ambacho hata bibi anakijua. Watoto wanakimbia miguu mitupu mahali palipofagiliwa, hamna vichupa vilivyovunjika. Saa 7 muziki unashushwa, watu wanakula. Pilau ipo, mihogo ya kukaanga na pilipili ipo, muwa unakamuliwa na ndimu na tangawizi. Mdogo analala. Baba anacheza bao na mtu ambaye hajawahi kumwona. Mama kavua viatu, kalala chali, kafumba macho, kwa mara ya kwanza toka Januari hakuna anayemwita.

Saa 9 alasiri jukwaa linachangamka. Saa 10 na nusu anapanda staa, yule yule wa kwenye bango, sauti yake yenyewe, jua likiwa upande wa magharibi linamwangaza bure bila taa. Watoto wako mabegani wanaimba na wanajua maneno yote. Saa 12 imeisha. Saa 2 usiku mtoto ameogeshwa na anasimulia usingizini.

Anayetaka kuendelea usiku, sawa, watoto wakishatoka fungueni geti la pili, tiketi ya pili, bia zishuke. Kila mtu apate chake. Staa mwenye hofu kuwa mchana taa zake hazitaonekana, basi aimbe. Hiyo kazi haihitaji taa.

KABLA HUJATOA HELA, ULIZA

Mapromota hawatabadilika kwa kusemwa. Watabadilika geti likikauka. Mzazi, ukiona bango lijalo limeandikwa "familia", nenda chini ya posti yao uulize haya, mbele ya watu:

1. Staa anapanda saa ngapi? Wataje saa. "Jioni" sio saa.

2. Naruhusiwa kuingia na maji, uji na chakula cha mtoto? Kumwagisha uji wa mtoto wa miezi minane getini ili muuze chupa ya maji kwa bei mara tatu ni aibu.

3. Sehemu ya familia iko umbali gani na spika, na ina kivuli?

4. Vyoo vingapi, na kuna mahali pa kumbadilishia mtoto nepi?

5. Mtoto akipotea anapelekwa wapi, na nani anakaa hapo? Watoto wanavalishwa mkanda wenye namba ya mzazi?

6. Mageti ya kutokea mangapi, na mnaingiza watu wangapi mwisho?

Wakijibu, nunua tiketi na uende kwa moyo mweupe, na wakifanya vizuri wasifiwe kwa kelele zile zile. Wakifuta swali lako, umeshajibiwa. Nenda ufukweni na mkeka wako na spika ndogo ya simu, mtoto atafurahi vile vile.

Na wanaotoa vibali nao waache kusoma kichwa cha barua tu. Aliyeomba kibali cha tamasha la familia aonyeshe ratiba inayoisha kabla watoto hawajalala, na akivuka hapo aulizwe kama anavyoulizwa mwenye disko toto.

Promota, mwaka huu bado una miezi ya kipupwe mbele yako. Una jua, una upepo, una viwanja, una wazazi walio tayari kulipa. Kama huwezi kuanza kwa wakati, hakuna atakayekulazimisha. Futa tu lile neno kwenye bango lako, uandike ukweli: shoo ya usiku, watu wazima. Mtakaa kwa amani, na watoto watalala kwao.

Mdau, na wewe ulishawahi kukesha na mtoto mgongoni ukisubiri staa wa "siku ya familia"? Ilikuwa saa ngapi? Tiririka hapo chini.